Mlingoti wa Upepo Kilimani Nakivale

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme huko Nyamityobora, hapa Mbarara. Mbele yangu alisimama mkulima Mkongomani, mkimbizi wa kambi ya Nakivale, akichagua balbu na nyaya za nyumba yake. Alimweleza mwenye duka kwamba kilimani kwao umesimamishwa mlingoti wa kupima upepo wa kuzalisha umeme, kwa hiyo umeme hautachelewa.

Mara akaingia fundi wa mlingoti huohuo, Mganda. Mkulima akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Patron! Umeme itafika lini?"

Fundi akatazama chini. "Mzee, pole. Kesho sisi naondoa ile kitu. Upepo ya huko iko kidogo."

"Kidogo? Na inabebaka mabati yetu?"

"Inabeba siku moja, halafu inalala wiki mzima. Haiwezi zungusha mashini."

"Kwetu, ku milima ya Uvira, upepo hailalaka. Muende mupime kule."

"Kule nani atapima, mzee? Si kuna vita?"

Mkulima akatikisa kichwa kukubali. "Njo maana tuko huku," akasema, akairudisha balbu juu ya kaunta taratibu.

Wapimaji siwalaumu. Heri kupima kuliko kusimamisha mapangaboi yatakayokaa bure yakitutazama. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyemwambia tangu mwanzo kuwa kupimiwa si kuahidiwa. Mkulima alinunua betri za tochi, akatuaga kwa adabu, akatoka.