Anamjua aliyemuuzia mdogo wake sumu, na hawezi kumtaja

Saa tatu asubuhi, Jentrix Nasike anafika kwenye mlango wa kwanza wa siku. Kabla ya kupiga hodi anavua kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni na kukitia mkobani. Miguuni ana ndala za plastiki. Viatu vya kufunga, anasema, ni vya askari na watu wa kaunti, na mama anayepika pombe akisikia kishindo cha viatu hivyo anatorokea dirishani.

"Hodi hapa! Ni nyar Bungoma."

Msichana wa Bungoma, ndivyo majirani zake Wajaluo wanavyomwita, ingawa ana miaka thelathini na minne na amelelewa papa hapa, katika mtaa wa mabanda usio mbali na ufuo wa Dunga, Kisumu. Jina la mtaa tumeliacha, na msomaji ataona sababu.

Ndani kitu kizito kinasogezwa. Mlango unafunguka kidogo. "Kumbe ni wewe? Ingia haraka, moshi itatoka watu waone."

Jentrix anaketi juu ya jerikeni na kutoa tableti. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji isiyoruhusiwa, inachemka hatua mbili kutoka magotini pake. Yeye ni mtafiti wa nyanjani katika mradi unaochunguza ni nini kinachowaingiza vijana katika ulevi, na ni nini kingewazuia. Wanaojua majibu ni wanawake hawa wanaouza. Na hawa hawamfungulii mtu yeyote tu.

Anaanza kusoma, polepole. "Utakayoniambia hayatafika kwa chifu, hayatafika kwa polisi, hayatafika kwa mume wako wala kwa jirani. Nitavunja siri ikiwa tu maisha ya mtu yako hatarini. Unakubali?"

"Yawa, Nasike! Hiyo maneno umenisomea mpaka nimeishika kwa kichwa."

"Najua. Nakusomea tena. Unakubali?"

"Nakubali."

Watu wengi huahidi kutunza siri bila kujua siri yenyewe itakuwa ipi. Jentrix alikuwa mmoja wao, mpaka mwaka jana.

Alizaliwa kitinda mimba wa kwanza, kama mama yake apendavyo kusema, maana baada yake ilipita miaka minane ndipo akaja Gordon Waliaula, kitinda mimba halisi. Baba yao alikuwa kibarua wa kiwanda cha sukari, akafariki Gordon akiwa bado ananyonya. Mama yao, Emmaculate Nekoye, akauza busaa, pombe ya nafaka, katika chumba hicho hicho walicholala. Busaa ilimsomesha Jentrix hadi chuo, akachukua diploma ya afya ya jamii. Busaa pia ilimpeleka mama rumande mara tatu.

"Mara ya tatu walimchukua mbele ya wateja, akiwa na leso tu," Jentrix anakumbuka. "Akarudi akasema basi. Akaanza kuuza omena."

Kwa hiyo mradi wa kwanza ulipotafuta mhamasishaji aliyezijua nyumba za pombe, hapakuwa na haja ya kumtafuta mbali. Kutoka uhamasishaji akapanda hadi mahojiano, kutoka mahojiano hadi kusimamia wenzake. Hapo ngazi ikakatika. Juu yake kunahitajika shahada ya uzamili, na mshahara wake wa shilingi elfu arobaini na mbili hauji kila mwezi wa mwaka. Ufadhili ukiisha, mkataba unaisha, na Jentrix anarudi kuwapimia wateja omena, dagaa wa ziwani, pamoja na mama yake.

"Utafiti huu unabebwa na wanawake," anasema msimamizi wake, Dkt. Lornah Aloo, mwanamke asiyependa kupaka maneno sukari. "Mlango wa mama muuza pombe mwanamume haingii, labda awe mteja. Lakini ripoti ikitoka, soma majina ya walioiandika. Wale walioketi kwenye jerikeni huwaoni."

Gordon naye alibeba kreti za samaki Dunga. Kijana wa maneno mengi na meno mazuri, anasema dada yake, mwenye tabia ya kumkopa kila mtu na kumkopesha kila mtu. Alikunywa, ndiyo. Alimtania Jentrix kwamba mradi umpe kazi yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifanya utafiti wenyewe.

Jumamosi moja ya Februari mwaka jana alirudi nyumbani mchana akisema macho yanaona ukungu. Mama akadhani ni jua. Kufikia jioni alikuwa haoni mkono wake mwenyewe. Alifariki njiani kwenda hospitali, juu ya pikipiki, akiwa katikati ya dereva na mama yake, na mama amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Watu wanne walikufa wikendi hiyo katika mtaa huo. Wa tano yuko hai, ila ni kipofu. Madaktari walisema ni methanoli, kemikali ya viwandani, iliyochanganywa na pombe mahali fulani kabla ya kumiminwa glasini.

Matanga yalifanyika uani kabla mwili haujapelekwa Bungoma. Majirani walichanga. Wanawake zaidi ya ishirini walipika, wakaosha sufuria, wakakesha na mama wa marehemu kwa zamu. Polisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani aliuza. Hakuna aliyejua. Loo! Mtaa mzima wenye macho, na hakuna aliyeona.

Miezi miwili baadaye Jentrix alikuwa kwenye mahojiano ya kawaida. Alikuwa amesoma maneno yake yote, na mama aliyeketi mbele yake alikuwa amekubali.

"Sijafika hata swali la tatu akaanza kulia," anasema. "Nikamwambia pumzika, tutaendelea. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, 'Gordon alikunywia kwangu.' Halafu akaniambia yote. Yote kabisa. Nikazima tableti, nikakaa tu."

Angeweza kwenda polisi. Alifikiria. Alimweleza Dkt. Lornah, bila kumtaja mtu, na kamati ya maadili ya mradi ikakaa. Ikaonekana pombe ile ilikuwa imeshamwagwa na hakuna aliyebaki hatarini. Siri ikabaki siri. Polisi waliposikia fununu walimwita Jentrix mara mbili, na mara zote mbili wakili wa mradi alijibu kwa niaba yake.

"Ningemtaja, ningelala usingizi siku moja," anasema. "Siku ya pili hakuna mlango ungefunguka. Si kwangu tu, hata kwa wasichana ninaowafundisha hii kazi. Na bila hiyo milango hatutajua kamwe methanoli inaingia kupitia kwa nani. Watakufa wengine."

Anayasema hayo kwa sauti kavu, kama mtu aliyeyarudia mara nyingi akiwa peke yake. Kisha anaongeza, "Lakini mwambie mama yangu hivyo."

Maana mama alijua. Hakuambiwa, alijua tu. Jioni ya mahojiano yale Jentrix alishindwa kumeza ugali, na mama yake akauliza, "Umemjua?" Jentrix akainamia sahani, na hilo likawa jibu.

"Akasema, 'Wewe unajua jina ya huyo mtu na unakaa hapa unakula ugali yangu?' Nikamwambia mama, niliapa. Akasema, 'Basi hiyo kazi ndio imekuwa mama yako.'"

Tangu siku hiyo wanaishi chumba kimoja na kusalimiana tu. Mama huweka sahani ya binti yake mezani, kisha huchukua yake na kwenda kula nje, mlangoni.

Tulimkuta Mama Nekoye ufuoni Dunga, akitandaza omena juani. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza wavu mzima.

"Unajua kitu ninachoshindwa?" alisema hatimaye. "Walikuja wote. Wote walinipikia. Sasa mtu akinisalimia, 'Mama Gordon, umeamkaje,' najiuliza, ni wewe? Nimeacha kuomba chumvi. Nimeacha kwenda chama ya akina mama. Kila mkono naonanga ndio huo ulimwekea glasi."

Tulimuuliza kama angependa mwanamke aliyemuuzia Gordon afungwe.

Alicheka, kicheko kibaya. "Nani amekuambia mimi nataka polisi? Mimi nimelala kwa hiyo rumande. Huyo mama ana watoto, si ndiyo? Wote wana watoto. Akifungwa, hao watoto watauza nini? Watauza hiyo hiyo pombe."

Aliokota kisamaki kilichoanguka mchangani na kukirudisha kwenye wavu.

"Gordon kwa pikipiki hakuweza kuongea. Ulimi ilikuwa imekufa. Mimi nilikuwa naongea peke yangu njia yote. Huyo mwanamke ndiye mtu wa mwisho aliyesikia sauti yake vizuri. Nataka aje aniambie tu, alisema nini? Alicheka? Alinitaja? Hiyo peke yake. Akija nitampa kiti."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tulimuuliza kama binti yake anajua kwamba hataki polisi. Akasema hajawahi kumuuliza, naye hajawahi kumwambia.

Jioni tulimpelekea Jentrix maneno hayo, kwa ruhusa ya mama yake. Alikuwa akijaza maombi ya uzamili katika afya ya umma. Amepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha kanda hii, anatafuta ufadhili, na anataka utafiti wake mwenyewe uwe juu ya akina mama wanaotaka kuacha kuuza lakini hawajui waanzie wapi. Alikuwa akitueleza hayo kwa bidii, mikono ikienda huku na huku.

Tulipofika kwenye maneno "alisema nini", mikono ilitulia.

"Hataki polisi?"

Hataki, tukamjibu.

"Anataka tu kujua alichosema?"

Hicho tu.

"Alisema," akanong'ona. "Alisema kitu." Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yakapita juu ya vidole. Mwaka mzima binti huyu amekuwa akilala hatua mbili kutoka kwa mama yake akiwa na maneno ya mwisho ya Gordon kifuani, maneno aliyopewa kwa kiapo.

Alipoweza kuongea, tulimuuliza kama tufute sehemu hiyo.

"Usifute. Mimi sina ruhusa kumbebea mama hayo maneno, na huyo aliyeuza kila nikienda kwake anasema ataenda kumwambia mwenyewe, halafu anaogopa pingu. Andika kwamba hakuna pingu. Andika vile mama amesema, neno kwa neno. Wengi wao hapa hawajui kusoma, lakini wana watoto shuleni. Atasomewa."