Mofa za Bibi pale Kikombo

Mwezi uliopita nilikwenda kuzika Kikombo, na wakati nangoja gari moshi la kunirudisha Dodoma mjini, miguu ikanipeleka yenyewe mahali ilipokuwa nyumba yetu. Usidhani kuna kitu cha kuona. Tembe letu lilikwisha rudi kuwa udongo zamani, mtu kalima karanga juu yake, na mbuzi walinitazama kama vile mimi ndiye niliyeingia shamba la watu. Nilisimama pale na kanga yangu ya msiba, upepo wa kiangazi ukinijaza vumbi machoni, na kitu cha kwanza kunijia hakikuwa sura ya baba wala ya mama. Ilikuwa harufu ya mkate.

Nawe mwenzangu usinifikirie mkate huu wa dukani, mweupe, uliofungwa karatasi, ambao ukiutafuna husikii tofauti kati yake na karatasi yenyewe. Nasema mofa. Ukiwa kijana huenda hujawahi kulisikia hilo neno. Ni mkate mdogo wa duara, wa unga wa mtama au uwele uliochachuka, unaopigwa ubavuni mwa tanuri la udongo na kuiva huko umeganda ukutani. Ni chakula cha watu wa pwani. Kufika kwake Ugogo kulikuwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, bibi yangu mzaa baba.

Baba alikuja bara na misafara ya mizigo, enzi za Mjerumani, akamwona mama, Mgogo wa hapo hapo, na safari zake zikaishia hapo. Reli ilipofika akaacha kubeba mizigo ya watu, akaandikwa kwenye genge la kutengeneza njia, kisha akatuma mama yake aje kwa gari moshi aone wajukuu. Mama alikuwa akisimulia huku akicheka kwamba neno la kwanza la bibi aliposhuka stesheni lilikuwa, "Nchi gani hii, mbona sioni mnazi hata mmoja?" Alisema atakaa mpaka mvua zikatike. Mvua zilikatika na kurudi mara nyingi, bibi yupo. Kisa ni uwele. Aliudharau kwanza, akausaga, akauchachua, akaonja, akaonja tena. Baadaye akamwambia baba kwamba pwani wanakula mofa ya mtama kwa sababu hawajaujua uwele wa Ugogo.

Tanuri lake lilikuwa mtungi mkubwa uliotobolewa chini, umelazwa na kujengewa udongo uani, mdomo ukiwa mbele. Jioni alikanda unga na kipande cha donge la siku zilizopita, akafunika. Asubuhi lilikuwa limefura, lina harufu kali kidogo ya togwa. Kazi yangu ilikuwa kuokota kuni, na kwetu kuni ni miiba mitupu, kwa hiyo siku za mofa vidole vyangu vilikuwa na haki ya kulia. Kazi ya mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado anajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe, ilikuwa kutotumbukia ndani ya tanuri, na hata hiyo ilimshinda mara kwa mara ikabidi afungwe mgongoni. Bibi alimwita "mume wangu", na mimi aliniita "mke mwenza", na akinigombeza alisema nina wivu. Moto ukishakuwa makaa, bibi alichutama mbele ya tanuri, akalowesha mkono majini, akachota donge, akaingiza mkono wote mle ndani kwenye joto na kulipiga ukutani. Pa! Kisha lingine, pa! Mkono ule haukuwa na nywele hata moja. Mofa ya kwanza kung'oka ilikuwa ya mume wake, imepakwa samli, na huyo bwana alikula na mashavu, na pua, na nywele.

Bibi alikuwa na sheria moja ya mkate, naye hakuivunja. Alisema, "Aliyenusa kaalikwa." Mtu akipita mofa zikiwa motoni alipewa, awe jirani, mchunga ng'ombe au kichaa. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja wa Kigogo, alijifunza mapema kupita saa hiyo. "Mbukwenyi!" alikuwa akiita mlangoni kwa salamu ya Kigogo, na bibi ambaye hakuwahi kujifunza kuijibu alimjibu, "Marahaba, ingia." Jioni yule mama alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nakwambia tulishiba. Sikujua kwamba kushiba ni kitu cha kukumbuka.

Vita vilipoingia, baba alichukuliwa na wenzake wa genge kwenda kubeba mizigo ya Mjerumani. Hakuna aliyemwuliza kama anataka. Halafu watu wa jumbe wakaja na askari kuchukua nafaka, nyumba kwa nyumba, na ng'ombe wakafuata. Mvua nayo ikatunyima mwaka huo. Mama yangu alizaliwa Ugogo, njaa aliijua kwa sura. Kabla askari hawajafika kwetu alichukua kilindo kimoja cha uwele, lile pipa la gome la mti tunalohifadhia nafaka, akakisimamisha pembeni katika chumba cha ndani kabisa, akajenga ukuta mbele yake kwa miti na udongo na mavi ya ng'ombe, akaufukiza moshi mpaka ukafanana na kuta nyingine. Mle ndani mlikuwa na chakula chetu mpaka mvua ijayo, na mbegu za kupanda. Aliacha tundu chini, la kupitisha bakuli, akaliziba kwa jiwe. Tukawa tunakula uji mwembamba na mlenda, na tanuri la bibi likafunikwa. Uji hauna harufu ya kusafiri. Mofa ilijulikana mpaka stesheni.

Kisha mdogo wangu akaugua surua. Homa ilimtoka, vipele vikamkauka, lakini hamu ya kula haikurudi. Ukimpa uji anageuza uso. Mlenda anatema. Alikonda mpaka masikio yakaonekana makubwa, akalala tu kwenye ngozi, na neno alilokuwa akilisema kwa kunung'unika lilikuwa moja, mofa.

Bibi alimwambia mama, "Mwanangu, mume wangu anataka mofa."

"Nimesikia, mama."

"Chache tu. Hata zisijae mkono."

"Mama, harufu ikitoka, tutakufa sote."

"Na asipokula?"

Mama alimtazama mtoto, kisha akainuka, akaenda chumba cha ndani, nikasikia jiwe likisogezwa. Nasema hivi kwa kuwa baadaye watu walimlaumu bibi peke yake. Mama ndiye aliyetoa uwele kwa mkono wake, na mimi ningekuwa mama ningeutoa.

Walichagua adhuhuri, upepo wetu mkali unapotoka upande wa nyumba za majirani na kwenda porini kuelekea relini, ili harufu isimfikie mtu. Bibi akachutama, akapiga mofa zake polepole, bila ule mlio. Mdogo wangu aliletwa nje amebebwa. Alipopewa ya kwanza aliinusa, akamega kwa meno, akatafuna. Tukamtazama kama watu wanaotazama mvua. Alipomaliza akanyoosha mkono tena, na mama akajifunika uso kwa nguo yake akalia.

Hapo tukasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa askari, bunduki begani, peke yake. Alikuwa akilinda njia ya reli, upepo ukampelekea harufu. Akamwamkia bibi, "Shikamoo, mama," kwa Kiswahili cha pwani kabisa. "Nimesema naota. Mofa, huku Ugogo? Sijainusa tangu niondoke kwetu."

"Kwenu wapi, mwanangu?"

Akataja mji, na mji wenyewe ulikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwa bibi. Basi. Sijui kama bibi alikumbuka sheria yake au alisikia tu sauti ya kwao baada ya miaka yote ile. Alimpa mofa ya moto. Askari akachutama uani petu, bunduki katikati ya magoti, akala macho yamefumba, na bibi akamwuliza habari za watu na minazi. Mama alisimama mlangoni mwa chumba cha ndani, hakutoka. Yule bwana alilamba vidole, akasema, "Mungu akuzidishie, mama," akaenda zake.

"Umempa," mama alisema.

"Nisingempa, angesema kwa hasira. Mtu hawezi kula kwa mama yake, kisha akamchongea."

Kesho yake alirudi na wenzake pamoja na watu wa jumbe. Waligonga kuta kwa vitako vya bunduki, moja baada ya nyingine, mpaka ule wa ndani ukalia utupu. Walipobeba kilindo nje alipita mbele ya bibi, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama. Nimetumwa." Bibi yangu, ambaye aliwajibu hata vichaa, hakumjibu.

Mdogo wangu tangu siku ile alianza kula. Tulichokosa sasa ni cha kumpa. Tulichimba mizizi, tulichemsha majani, jirani alitukatia nusu ya kidogo alichonacho. Na bibi akaanza kufunga. Kila chungu kilipoepuliwa alisema, "Mimi leo nimefunga," na sehemu yake akampa mume wake. Mimi niliona fahari, bibi yetu mcha Mungu. Mama alimwuliza mara moja, kwa sauti ya chini, "Mama, ni funga gani hii isiyo na futari?" Bibi akamwambia asimharibie thawabu zake. Mvua za kwanza zilimkuta tumekwisha mzika. Baba aliporudi kutoka vitani, Mjerumani alikuwa ameshaondoka, na alichopokewa nacho ni kuonyeshwa kaburi. Mama hakumlaumu bibi hata siku moja, na hakutaka mtu amlaumu mbele yake. Lile tanuri alilibomoa mwenyewe kwa jembe, akilia.

Siku hizi Kikombo huwezi kumpata hata mtu mmoja anayejua mofa ni nini. Na mimi sikuirithi kazi ile. Nilikuwa mtoto, nilifikiri kuna muda.

Siku hiyo nilipofika mjini nilipitia kwa mdogo wangu. Ni mzee mnene, ana wajukuu wengi, kila mmoja anampanda mgongoni. Nikamweleza nilikosimama, nikamtajia bibi na mkate wake. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Dada, nisamehe. Ninayemjua ni yule wa maneno yako. Mwenyewe simkumbuki hata uso." Nikahisi moyo unauma kama ndiyo kwanza tunazika. Yeye naye, labda kwa kunifariji, akaniuliza bibi alikuwa mrefu au mfupi.

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikamtafuta bibi kichwani mwangu, na kila nilipomwona alikuwa amechutama, kanipa mgongo, mkono umo tanurini. Nikamwambia ndugu yangu kwamba hata mimi sijui.