Si Mungu Aliyeliacha Lile Debe

Ile Jumamosi bado naikumbuka, mwanangu, ingawa meno niliyokuwa nayo siku hiyo yameshaniaga yote. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, karani wa stoo katika shamba la mzungu kule bonde la Subukia, na kiunoni nilining'iniza funguo tatu. Kijana mwenye funguo hatembei kama kijana asiye nazo. Baba yangu alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli Nakuru, akanisomesha mpaka nikajua kusoma barua na kuandika jina langu, Yafeti, kwa herufi za kuvutia. Hayo yalitosha kunifanya nijione mtu mbele ya watu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ile ya Hali ya Hatari, askari wakisimamisha watu njiani kukagua vipande vya utambulisho. Lakini hatari ninayokusimulia haikutoka msituni wala kwa askari. Ilitoka mikononi mwangu.

Kila Jumamosi ng'ombe wa shamba waliogeshwa dawa ya kupe. Dawa hiyo ililetwa ndani ya madebe, na ilikuwa sumu kali. Amri ilikuwa moja: debe likiisha dawa, litobolewe matundu manne kwa msumari, kisha lifukiwe. Wewe hujui debe lilikuwa kitu gani enzi zetu. Debe lilikuwa ndoo, lilikuwa jiko, lilikuwa kipimo cha mahindi, likikunjuliwa lilikuwa mlango wa nyumba. Debe zima halikulala nje hata usiku mmoja bila kupata mwenyewe. Ndiyo maana tuliamriwa tuyatoboe.

Siku hiyo madebe yaliyoisha yalikuwa matatu. Timu ya reli ilikuwa inacheza mpira Nakuru, na lori la maziwa lilikuwa linaondoka saa nane. Nikatoboa la kwanza, nikatoboa la pili. Dereva akapiga honi. Lile la tatu nikalisukuma kwa mguu nyuma ya stoo, penye majani marefu, nikajiambia, "Hili nitalimaliza Jumatatu." Kisha nikakimbia nikarukia lori, nikacheka na wenzangu mpaka mjini.

Katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, aliishi mama mmoja jina lake Rael, mchuma kahawa, mumewe akifanya kazi mbali. Alikuwa na binti wa miaka sita, Nekesa, mtoto wa maswali mengi. Akinikuta mlangoni mwa stoo alikuwa ananiuliza kila ufunguo unafungua nini, na nikimjibu, kesho yake anauliza tena, kama anayenipima kama nitabadilisha jibu. Jumapili Rael akaliona lile debe majanini. Halikuwa na karatasi wala alama. Akalisuuza mara mbili, akateka maji ya kufulia, akaenda kuanika nguo. Maji ya kunywa aliyaweka kwenye mtungi, kama kila mama mwangalifu. Lakini Nekesa alirudi kutoka kucheza na kiu, na debe ndilo lililokuwa karibu.

Alitapika Jumapili jioni. Jumanne alfajiri hakuwepo tena.

Watoto walikuwa wanakufa mara nyingi siku zile, kwa homa, kwa tumbo, kwa surua. Hakuna aliyeuliza. Mimi Jumatatu sikulikumbuka lile debe; nilikwenda matangani kama watu wengine, nikainamisha kichwa, na nilipoinua macho nikaliona debe langu kando ya mlango wa Rael. Nililitambua kwa kibonyeo cha kiatu changu ubavuni.

Sasa nikwambie jambo ambalo nililificha muda mrefu kuliko yote. Watu walipokwenda kuzika, mimi nilibaki nyuma. Nililichukua lile debe, nikalitoboa matundu manne, nikalifukia kule nyuma ya josho la ng'ombe. Nyimbo za mazishi zilikuwa zinanifikia pale nilipokuwa nachimba. Wao walikuwa wanachimba na kufukia upande ule, mimi upande huu.

Mzee wa kanisa pale shambani aliitwa Ezekieli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa sana swali lisilo na jibu. Jumapili iliyofuata alisimama katika kibanda chetu cha udongo akasema, "Liandikwalo ndilo liwalo. Mtoto huyu siku yake ilikuwa imeandikwa kabla hajazaliwa." Mwanangu, nilishusha pumzi! Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni. Basi si mimi! Mkono ulikuwa wangu, lakini kalamu ilikuwa ya mwingine. Nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini Ezekieli hakuishia hapo. Rael alikuwa katika darasa la ubatizo, na miezi michache nyuma alionekana akipika pombe ya busaa kwa arusi ya jirani. Ezekieli akamgeukia mbele ya watu. "Mama Nekesa, Mungu hapigi bure. Piga magoti utubu, ili mkono wake usirudi tena nyumbani kwako."

Rael akasimama. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na siku hiyo alionekana mrefu.

"Mnaniambia Mungu ameua mtoto wangu kwa sababu ya chungu cha busaa?"

"Mungu ana sababu zake, mama."

"Basi mpelekeeni habari," akasema Rael. "Mwambieni simtaki."

Akatoka. Wanawake wakashika vichwa. Wakasema amekufuru, na tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kwake kuomba chumvi wala moto.

Nami nilibaki nimekaa, na lile gunia likarudi mgongoni, safari hii likiwa na mawe. Kwa maana nilielewa jambo ambalo mtu mwingine yeyote pale ndani hakulielewa. Yule mama alikuwa amemkataa Mungu kwa sababu yangu. Nilimwacha Mungu asimame kizimbani badala yangu, naye hakujitetea.

Nilikaa hivyo siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, Jumamosi, nilikuwa kwenye josho pamoja na mzee arap Tuwei, aliyekuwa mkubwa wa wachunga ng'ombe. Arap Tuwei hakuwahi kubatizwa, na kila Ezekieli alipomwita kanisani alijibu kwamba ana ng'ombe wa kukamua. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha malishoni:

"Wewe kijana, ile siku ya kuzika mtoto, ulikuwa unapanda nini nyuma ya dipu?"

"Mzee, ilikuwa imeandikwa," nikasema. "Mzee Ezekieli amesema. Ajali haina kinga."

Aliweka fimbo chini. Sijawahi kumwona mtu yule akiweka fimbo chini wakati ng'ombe wanapita.

"Mimi sijui hiyo kitabu yenu," akasema. "Lakini ng'ombe ikitoka kwa boma usiku, mimi siulizi mbingu. Naangalia nani alifunga mlango. Kama ni mimi, nasema ni mimi. Hata mbwa yangu akiiba nyama anaficha uso. Wewe umeiba mtoto ya watu, halafu unasema Mungu ndiye alikula?"

Akachukua fimbo yake, akaendelea na ng'ombe. Hakunitishia kwamba atasema. Kwa kweli ningefurahi angenitishia, maana hapo ningesema nililazimishwa. Mzee yule aliniachia mlango wazi kabisa, nitoke au nibaki, na hakuna kitu kilichonitesa kama uhuru ule.

Jumapili Rael aliletwa kanisani na shemeji zake. Walikuwa wamemchosha kwa maneno: tubu, watu wakurudie, utaishije peke yako? Ezekieli akaweka mkeka chini mbele ya meza. Rael akautazama mkeka.

"Sitapiga magoti," akasema polepole. "Labda niambiwe nimefanya nini."

Hapo nikasimama. Nilisimama mwenyewe, na hakuna malaika aliyenishika kwapa. Nikasema yote: debe, honi ya lori, mpira, majani nyuma ya stoo, shimo nililochimba wakati wa mazishi.

Na unajua Ezekieli alifanya nini? Alininyooshea mkono kwa upole akasema, "Kaa chini, kijana wangu. Hata hilo lilikuwa limepangwa. Wewe ulikuwa chombo tu."

Alinihurumia, maskini. Alinifungulia tena ule mlango wa nyuma niliotoka kuukimbia. Nami, kijana niliyelelewa kutojibizana na wakubwa, nikajibu mbele ya watu wote.

"Hapana, mzee. Mimi si chombo. Debe ndilo chombo. Mimi nilikuwa na msumari mkononi na nilijua amri, nikachagua mpira. Usimpe Mungu kazi niliyoifanya mimi."

Rael alikuja mpaka nilipokuwa. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige.

"Siku ile," akaniuliza, "ulipokuwa huko mpirani, nani alishinda?"

Mpaka leo swali lile sijalijibu. Akanipita, akatoka nje, na mara ya kwanza tangu mazishi tukamsikia akilia kwa sauti. Wanawake wakatoka mmoja mmoja wakamfuata. Mkeka ukabaki chini, haukukaliwa na mtu.

Mimi nilikwenda mwenyewe kwa mwenye shamba, naye akanikabidhi kwa polisi. Nilifungwa miaka miwili, nikavunja mawe. Sisemi haya ili unisifu. Kusema kweli hakukumrudisha Nekesa, wala sikupata amani ya ghafla kama wanavyosimulia wahubiri. Nilichopata ni kitu kidogo zaidi: nilijua jina langu ni nani. Mtu anayesema "nilipangiwa" hata jina hana, ni upepo tu unaopita.

Nilipotoka nikaishi na baba Nakuru, katika nyumba za reli. Mwaka wa pili, Rael alinijia mchana mmoja na kikapu chake. Baba akampa kiti, akatuachia chumba. Rael hakunywa chai.

"Nimebatizwa," akasema.

"Mama, ina maana umenisamehe?"

"Sikuja kwa hayo. Hayo bado yananiuma, na siku yakiisha nitakwambia. Nimekuja ujue kwamba sikusukumwa. Baada ya wewe kusema, nilikaa mwaka mzima bila kumtaka. Halafu siku moja nikiwa shambani nikamwambia, 'Haya, nimejua si wewe. Basi tunaweza kuzungumza.' Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, Yafeti. Na Ezekieli aliponiuliza nani amenileta, nilimwambia hakuna."

Akainuka akaenda zake. Ile siku aliyoisema haikuwahi kufika, au ilifika hakuniambia. Hiyo nayo ni hiari yake. Na arap Tuwei, aliyeniokoa, alikufa bila kubatizwa. Nilimsimulia habari za Mungu mara moja, kwa heshima, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia." Sikuongeza neno. Kama Muumba mwenyewe anabisha hodi na kungoja, mimi ni nani nivunje mlango wa mzee wa watu?

Sasa nisikilize. Nawasikia ninyi vijana, na hata wazee wenzangu, mkisema kila kitu kimepangwa. Gari likianguka, limepangwa. Mtoto akiacha shule, Mungu hakupenda. Mimi nakataa. Nimezeeka nikikataa, na nitaingia kaburini nikikataa. Wahenga walisema liandikwalo ndilo liwalo, nami nawaheshimu wahenga, lakini wakati mwingine mwandishi ni wewe, na mwandiko ni wako.

Utaniuliza: kwani Mungu hajui kesho? Anajua, sibishi. Lakini kujua si kusukuma. Mimi nilijua lori litaondoka saa nane. Je, ni mimi niliyeliendesha? Yapo mambo yaliyo juu yetu, mvua, kuzaliwa na kufa. Hayo mwachie mwenyewe. Lakini palipo mkono wako, sema "mkono wangu". Watu wengi ninaowaona wakimkimbia Mungu wanamkimbia yule tuliyemchafua sisi kwa kufuta mikono yetu michafu juu yake. Ukitaka jirani yako ampende Mungu, anza kwa kuacha kumsingizia.

Na wewe mwenyewe, ukimkubali, mkubali ukiwa umesimama, kwa akili yako, bila kuogopa mkeka wa mtu. Ukimkataa, mkatae kwa kinywa chako, usiseme marafiki walinipotosha. "Ndiyo" ya mtu asiyeweza kusema "hapana" haina thamani, hata kwa Mungu. Naamini hivyo, na nikifika mbele yake nitamwambia hivyo hivyo.

Mwanangu, Mungu akupe macho ya kuona kosa lako kabla ya la jirani, na shingo ngumu ya kukataa uongo hata ukija umevaa kanzu. Akupe watu wa kukwambia kweli usoni. Mikono yako ikawe yako kweli, na kila itakachokifanya uweze kukiita kwa jina mchana kweupe. Nenda, baraka zangu zikutangulie.