Mpika Sukari na Kidonge Kitamu

Juzi, katika duka moja la dawa hapa Moshi, nilisimama nyuma ya mzee mnene na mkewe. Mama alimweleza muuzaji kwamba mumewe amepika sukari kiwandani tangu ujana. Sasa ana kisukari, kidonda cha mguu hakiponi, na daktari amemwambia apunguze uzito na aache sukari, la sivyo mguu utakatwa.

"Nimpe asali, mwanangu? Ya kwetu Kibosho, safi."

"Mama, asali nayo inapandisha sukari mwilini. Labda hivi vidonge vya sakarini, vitamu bila sukari."

"Havina madhara?"

"Vichache havina neno. Vikizidi, hata madaktari wanabishana."

Muuzaji alimpa mzee kidonge kimoja. Mzee alikisaga kati ya kidole gumba na cha shahada, kama wapikaji wanavyopima sukari ikiiva, kisha akalamba.

"Utamu unawahi," alisema polepole, "halafu unaacha uchungu. Mimi nisingeruhusu hii itoke kiwandani."

"Sasa utakunywa nini, baba watoto?"

"Chai tupu. Mguu naupenda zaidi."

Alitoka akichechemea. Nje, kwa uhaba wa siku hizi, foleni ya sukari ya duka la ushirika ilikuwa imezunguka kona. Mzee aliipita yote bila kugeuza shingo.

Mimi nilikuwa nimeweka jiwe kwenye foleni hiyo kushika nafasi yangu. Nilisimama kando ya jiwe langu nikimtazama mpaka akapotea, na watu watatu wakanipita.