Mke Mwenza Aliulizia Daftari

Usiku ule nililala na hasira. Daktari alikuwa ameniambia saratani ya Babu imesambaa na dawa hazimsaidii tena. Akanipa barua: tumrudishe nyumbani, wauguzi wa tiba shufaa wawe wanakuja kumtuliza maumivu. Niliikunja nikaificha nyuma ya daftari langu. Arudi nyumbani kufanya nini? Kufa? Asubuhi ningedai atundikiwe dawa kwa mara ya tatu.

Sikusomea uuguzi. Nilijifundisha kwenye simu na vitabu vya kuazima, na kila kitu nilikiandika: joto, mapigo ya moyo, vijiko vya uji. Mstari ukipinda, nilichana ukurasa nikaanza upya.

Ndotoni, Bibi, aliyefariki miaka minne iliyopita, alikuwa jikoni kwake akipepeta mchele. Hakuinua uso.

"Mke mwenza," akaniita, kama alivyonitania tangu utotoni, maana Babu huniita mkewe. "Lete hilo daftari."

Nampa. Jiko limekuwa wodi, ungo uko miguuni pa Babu, na Bibi anafunua kurasa kwa vidole vyenye vumbi la mchele. Nangoja asifu mwandiko wangu. Nakiri, hata ndotoni nilitaka sifa.

"Joto lake limo. Mkojo wake umo. Jumanne alikwambia nini?"

Jumanne Babu alinishika mkono akasema, "Mke wangu, inatosha. Nataka kulala kwenye kitanda changu." Sikuandika. Niliona si kipimo.

"Kwa hiyo nimwache afe?" nampigia kelele. "Sema tu unamtaka huko uliko!"

Bibi anausukuma ungo, mchele unamwagika sakafuni.

"Nyamaza! Mimi mkewe nimemngoja miaka minne, na bado naweza kungoja. Wewe unashindwa kungoja hata amalize kusema."

Ananigandamizia daftari kifuani mpaka naumia.

"Yaandike."

Niliamka meno yameumana. Kumekucha. Hasira ilikuwepo bado, ila haikuwa tena ya daktari wala ya Bibi. Ilikuwa yangu mwenyewe. Niliitoa barua nikainyoosha juu ya goti, kisha nikafungua ukurasa mpya na kuandika maneno ya Babu ya Jumanne, yote. Mstari ulipinda vibaya.

Sikuuchana ukurasa. Nikaenda nao hospitali hivyo hivyo ulivyo, pamoja na barua.