Dumu la njano

Leo alfajiri nimempita mtu baharini nikidhani ni nyavu.

Nilitoka Mbegani na kimtumbwi changu cha kayaki baada ya swala, kuvua kwa mshipi. Mwanga bado hafifu.

Mbele nikaona dumu la njano linaelea, linatikisika.

Huku kwetu dumu ni alama ya nyavu, na nyavu za mtu haziguswi. Ukisogea tu unaitwa mwizi. Mimi niliwahi kuitwa bure, nikakoma.

Nikasema moyoni, mwenzetu kanasa samaki. Nikazunguka mbali.

Saa mbili narudi, watu wamejaa ufukweni. Bi Mwanahawa, jirani yetu, akanijia mbio.

"Mwanangu, hujamwona mume wangu huko? Mtumbwi umeonekana umepinduka."

"Sijaona mtu, mama. Nimeona dumu tu."

"La njano?"

Nikageuza kayaki, tukarudi majini kumtafuta.

Tulimpata saa nne. Kamba ya dumu alikuwa amejifunga kiunoni.

Tumemzika baada ya alasiri.

Wavuvi mliomo humu, semeni kweli, nyie mngelisogelea?

Bi Mwanahawa bado hajaniuliza nilipita umbali gani.