Chaza wa Kizuka

Kwanza niseme kwamba wifi yangu hakuwa mtu rahisi kupendeka, na huenda mimi pia sikuwa. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitamsifu, na sitaki ionekane nimesahau. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Tangu mwaka nilioolewa alikuwa akiniambia kwamba natembea kwenye matope ya mikoko kama kuku aliyefungwa miguu. Hakusema uongo. Mimi nilizaliwa Kitomanga, kwenye mashamba, na mikoko niliijua ukubwani.

Mume wangu alifariki wakati wa vita vya Hitla. Hakufa vitani, alikufa kwa homa, kitandani mwake, kijijini kwetu kwenye mkono wa bahari kaskazini ya Lindi. Miaka ile nguo zilikuwa adimu madukani. Mwenye duka, Mhindi, alikuwa na kipande cha marekani ambacho nasikia alikuwa amemwekea mkewe. Akakitoa nikivae wakati wa eda. Watu walizoea kumsema kwa vipimo vyake, na mimi nilimsema pamoja nao, lakini kipande kile kilitoka kwake.

Baada ya matanga kaka yangu alizungumza nami. Alikuwa amekaa kizingitini, uso ameugeuzia uani.

"Eda ikiisha nakuja kukuchukua," alisema. "Nyumba ya pwani isiyo na mvuvi ni banda tu."

"Kaka, mimi nataka kubaki."

"Utakula nini?"

Hakuwa mkatili. Mwaka huo yeye mwenyewe alikuwa na watoto wengi na shamba lililoliwa na nguruwe, na bado alikuwa tayari kuniongeza. Aliogopa kusikia sokoni kwamba dada yake analala na njaa. Lakini nyumba ile tuliijenga wawili. Udongo wa kuta niliukanyaga kwa miguu yangu, na kaburi la mume wangu liko nyuma ya mnazi wa pili. Nikamwambia, "Ukija ukanikuta na chakula cha kupitisha masika, utaniacha?"

Akacheka kidogo, akajibu, "Nikikuta chakula cha kupitisha masika, nitakuacha. Haya, kizuka, tafuta."

Kizuka kwetu ni mjane anayekaa eda. Hatoki, hajipambi, haendi pwani wala shamba. Ndiyo maana alicheka. Nami nilipobaki peke yangu nikaona nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wifi alikuwa jikoni, amesikia yote. Akatoka na mwiko mkononi.

"Kuku gani huyu," akasema, "anayeahidi mayai na huku amefungiwa tunduni?"

Kesho yake maji yalipokupwa akaondoka na panga na tenga, akaingia mikokoni. Alirudi ametapakaa matope hadi mapajani, akamwaga chaza uani, chungu nzima, wamefumba kama mawe.

"Mimi nitawatoa matopeni," akasema, "na wewe utawakausha. Kukausha si kutoka nyumbani. Watu wa Milola wakishuka na mtama wao kabla ya mvua, tutabadilishana."

Hivyo ndivyo eda yangu ilivyopita. Wenye elimu ya dini waniwie radhi kama nilikosea mahali. Nilimtuma mtu kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema kazi ya uani haina ubaya.

Kazi yenyewe niieleze kama nilivyofundishwa, maana siku hizi naona watu wanaharakisha. Chaza hulundikwa, hufunikwa makuti makavu, kisha huwashwa moto. Moto ukipita juu yao wanafunguka wenyewe, na hapo kisu hakihangaiki. Nyama husafishwa kwa maji ya bahari. Maji ya kisima hayafai, yanaifanya iteleze na kuoza kabla haijakauka. Halafu inachemshwa kwa maji yale yale ya bahari mpaka yakaukie chunguni. Kisha unaitunga kwenye njiti za makuti na kuipanga juu ya chanja, kichanja cha fito, chini yake moto mdogo wa moshi mwingi. Kuni ni mkoko mkavu wa kuokota, kwa kuwa kukata mbichi kulihitaji kibali cha serikali. Wifi alinifundisha kubandua magome kwanza, ama sivyo moshi unaacha uchungu kwenye nyama. Magome hatukuyatupa, wavuvi waliyataka kwa kutilia rangi nyavu.

Alifundisha kwa matusi. "Hivyo ndivyo mnavyotunga kwenu? Chaza huyo anakwenda harusini au anakwenda kunyongwa?" Lakini nilipokuwa nikilia juu ya chanja alisema ni moshi, akageuza fito upande wa pili ili moshi uende kwake.

Vyungu vilijaa. Tulivifunika majani makavu ya mgomba na kuviziba kwa udongo. Nilianza kuamini.

Kisha watu wa Milola wakashuka na mizigo ya mtama vichwani, wakaweka kambi karibu na kisima kama kawaida yao. Walipita kila nyumba. Kwetu wa kwanza walifika, wakaamkia, wakafunua chungu kimoja, wakanusa, wakasifu, wakaenda kubadilishana kwa jirani. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hawakufunua.

Wifi alikwenda kisimani kusikiliza, akarudi uso umemvimba.

"Wanasema chakula kilichopita mkononi mwa kizuka kina kilio ndani yake. Atakayekila atakipeleka kilio hicho nyumbani kwake."

Sikumjua aliyeanza maneno hayo na sikutaka kumjua. Sidhani alikuwa na chuki. Tangu zamani kizuka alipika chungu chake mwenyewe na kula mwenyewe, na mimi nilikuwa wa kwanza kijijini kukausha chakula cha watu wengine. Pengine ningekuwa mimi mwenye kuuza mtama ningesitasita pia.

"Nitawaambia ni wangu," wifi akasema.

"Si kweli, wifi."

"Ni kweli nusu! Nani kawatoa matopeni?"

"Na nusu nyingine?"

Akanitazama. "Una ukaidi kama kaka yako," akasema, akakaa chini. Siku hiyo hakwenda mikokoni.

Mtama ulikuwa ukipungua kambini. Wakipandisha kwao wote, kaka angenikuta na vyungu vya chaza bila punje, na chaza peke yao hawapitishi masika. Nilianza kufikiri ni vitu gani nitakavyofunga.

Asubuhi moja tukasikia kilio njiani. Mwanamke analia kwa sauti ya kupasua masikio, na ndani ya kilio kuna maneno:

"Uwii, mtani wangu! Umekufa usije ukanipa jogoo wangu! Umenikimbia, mchoyo wewe!"

Nilimjua kabla sijamwona. Alikuwa Mmwera wa Milola, mtani wa mume wangu, mnene, mwenye pengo, na hakuwahi kuingia nyumbani kwetu bila kuondoka na kitu. Msiba ulimfikia amelala mgonjwa, ndiyo kwanza anakuja kulia. Mtani haliliwi machozi, analiliwa matusi. Na mtani msibani huchukua anachotaka, hakatazwi. Ndiye anayecheza na msiba wakati ndugu hawawezi, na mabaya ya msiba, kama yapo, huyabeba yeye yakaishia kwake bila kumdhuru. Wakubwa zetu waliamini hivyo, na watu wa kisimani waliamini vilevile.

Akaingia uani, akanitazama, akatazama chanja.

"Kumbe!" akasema. "Mwenye nyumba kalala, na mjane anachoma wadudu wa matopeni! Nyie watu wa pwani, mkikosa matope mtakula nini?"

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Shikamoo haijazi tumbo. Lete."

Hakungoja nilete. Alivuta njiti tatu chanjani, akatoka nazo mpaka mbele ya nyumba, akakaa barazani na kunyoosha miguu njiani, mahali ambapo kila anayekwenda kisimani lazima aivuke. Akaanza kula. Alitafuna taratibu, mdomo wazi, watu wakakusanyika.

"Nitazameni vizuri!" akapaza sauti. "Nikifa, mnizike hapa hapa, na kizuka huyu anipikie pilau. Lakini kabla ya kufa naomba njiti ya nne."

Wifi akamletea, na maji ya kunywa. Mtu mmoja wa Milola akauliza, "Mwenzetu, husikii kitu?"

"Nasikia."

Akameza, akalamba vidole.

"Nasikia chumvi imepungua. Hawa ni wachoyo mpaka wa maji ya bahari!"

Kicheko kilichotoka pale nilikisikia mimi niliyekuwa ndani nyuma ya mlango, na nilicheka pia, mara ya kwanza tangu msiba. Nikaogopa huenda si halali. Wifi akanionyesha kidole, naye anacheka mpaka mtandio umemwanguka.

Mtani akaondoka na chungu kizima bila kutoa kitu, kama haki yake ilivyo. Lakini kabla ya adhuhuri wenzake walikuja mmoja mmoja na mtama. Jioni hatukuwa na chungu hata kimoja cha chaza, na ghala la mume wangu lilikuwa limejaa hadi kwenye mlango wake mdogo.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza mtani kama alifanya vile kwa kunionea huruma, au kama wifi alimtumia salamu Milola. Akasema, "Mimi nilikuwa na njaa, na wewe ulikuwa na chaza." Wifi nilipomuuliza akaniambia niache upelelezi. Kwa hiyo sijui, na sitaandika nisichokijua. Nawashukuru wote wawili kwa yale niliyoyaona.

Eda ilipokwisha kaka alikuja kama alivyosema, na kamba mpya ya kufungia mizigo begani. Nilimpeleka ghalani. Akatia mkono kwenye mtama mpaka kiwikoni, akautoa, akaupangusa polepole.

"Haya," akasema. "Nilitoa neno langu."

"Kaka, umekasirika?"

"Nimechoka kutembea tu. Chaza mmebakiza?"

Wifi alikuwa ametoka pwani na chaza asubuhi ile. Kaka akala, akalala, na kulipokucha akarudi Kitomanga. Kamba aliiacha. Alisema ni nzito, ingawa ilikuwa kamba ya kawaida. Tuliitumia mimi na wifi kuning'iniza chanja juu zaidi, maana masika yalikuwa yanaanza na ardhi ya uani ilikuwa inalowana.